Mwanafunzi Aliyepotea Baharini

Jumamosi ya tarehe 12 Februari 1944, yapata saa nane na nusu mchana, meli iliyoitwa Khedive Ismail ilipigwa na torpedo mbili za nyambizi ya Kijapani katika Bahari ya Hindi, upande wa visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili hivi. Ni muda ambao mhubiri wetu wa kawaida hajamaliza salamu. Ndani ya meli walikuwamo watu 1,511. Waliookolewa ni wanaume 208 na wanawake 6. Wengine wote, watu 1,297, walishuka na meli au walifia majini baadaye, na kundi kubwa kuliko yote kati yao lilikuwa la vijana wa Afrika Mashariki, askari wa Kikosi cha 301 cha mizinga.

Naandika habari hii nikiwa Lushoto, ambako bahari ni jambo la kusimuliwa. Kutoka hapa kwenda Tanga mtu hushuka kwanza kwa Soni hadi Mombo, kisha apite Korogwe na Muheza, na wako wazee wengi wa milimani walioishi na kuzikwa bila kukanyaga mchanga wa pwani hata mara moja. Hata hivyo vita ile iliwafikisha baharini vijana wa milima hii, waliokuwa wamesoma katika shule zetu za misheni. Mmoja wao ndiye ninayetaka kumkumbuka. Jamaa zake wameniomba jina lake lisipigwe chapa, na nimekubali. Nitamwita mwanafunzi, kwa kuwa ndivyo anavyotajwa katika daftari lililobaki kanisani kwao: mwanafunzi, amebatizwa, amepata kipaimara. Baada ya hapo safu za ndoa na kifo ni tupu.

Ili tuelewe mwanafunzi huyo alifikaje katikati ya bahari, tuanze na shule.

Ernst Johanssen na Paul Wohlrab walifika Mlalo mwaka 1891, wakapaita Hohenfriedeberg, jina ambalo hakuna bibi wa Mlalo aliyeweza kulitamka kwa raha. Vikafuata vituo vya Mtae, Vuga, Bumbuli na vingine. Chama chao kilianzishwa Berlin mwaka 1886, na mwaka 1906 kikahamishia makao yake Bethel, karibu na Bielefeld, chini ya mbawa za Mchungaji Friedrich von Bodelschwingh, yule mlezi wa wagonjwa wa kifafa. Ndiyo sababu wazee wetu mpaka leo husema Misheni ya Betheli. Palipojengwa kanisa palijengwa na shule, maana Mlutheri asiyeweza kusoma Katekisimo yake mwenyewe alihesabiwa kuwa bado yuko njiani. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, nyimbo, Biblia na kulima. Nyimbo ndizo watu wanazozikumbuka. Mimi nawaomba mzikumbuke hesabu, kwa sababu nitazirudia.

Kanisa hili lilijifunza mapema kubaki bila wamisionari. Mwaka 1916 jeshi la Uingereza lilipoitwaa Usambara, Wajerumani waliondolewa, na waalimu na wainjilisti wenyeji wakayashika makundi kwa miaka mingi. Wamisionari walirudi katikati ya miaka ya 1920. Kisha Septemba 1939 vita vikaanza tena, na mwaka uliofuata wanaume Wajerumani wakakusanywa na kuwekwa kizuizini. Fikirini hali ya kijana wa milimani wakati huo. Mwalimu aliyemfundisha herufi yuko nyuma ya seng'enge kwa kuwa ni Mjerumani, mchungaji aliyempa kipaimara yuko huko huko, na afisa wa serikali anakuja barazani kuwaita vijana waende kupigana upande wa Mwingereza. Sijawahi kusikia mzee akieleza kwamba jambo hilo lilimtatiza. Labda watu waliozoea kubadilishiwa watawala hawashangai kubadilishiwa maadui. Lakini mimi nikilifundisha darasani hunitatiza kila mwaka.

Waliokuja kuziba pengo ni Walutheri wa Marekani wa Augustana, na hata hao bahari iliwagusa. Tarehe 17 Aprili 1941 meli ya Kimisri Zamzam, iliyokuwa na wamisionari zaidi ya 100 wa madhehebu mbalimbali, ilipigwa mizinga na meli ya vita ya Kijerumani, Atlantis, kusini mwa Bahari ya Atlantiki. Ndani yake alikuwamo mke wa mmisionari Elmer Danielson na watoto wao sita, wakimfuata baba yao Tanganyika. Abiria waliopolewa na Wajerumani wale wale waliowapiga. Naitaja Zamzam kwa sababu katika makanisa yetu inasimuliwa mara nyingi kama ushuhuda wa wokovu, na ni haki isimuliwe. Khedive Ismail ilikuwa nayo meli ya Kimisri, katika vita ile ile, na haisimuliwi. Tunajua kushuhudia meli ambayo watu wake waliokolewa. Ile nyingine hatujajua tuisimulie vipi.

Tanganyika ilitoa zaidi ya vijana 80,000 katika vita ile. Wengi waliingia Keya, wengine wakawa wapagazi, madereva, wauguzi. Kwa vikosi vya mizinga, nguvu za mwili hazikutosha. Mzinga mkubwa haulengwi kwa jicho kama bunduki. Mtu mmoja yuko mbele akiangalia, anatuma namba kwa simu, wa nyuma anazipokea, anazisoma, anaziweka kwenye mzinga, na tarakimu moja ikikosewa wanakufa watu wasiotakiwa. Walihitajika vijana wa kusoma ramani, wa kushika simu, wa kuandika namba na kuzirudia bila kubabaika. Vijana hao walipatikana wapi katika nchi ambayo shule nyingi zilikuwa za misheni? Zile hesabu za ubaoni ndizo zilizomtenga mwanafunzi wetu na ndugu zake waliochukuliwa kubeba mizigo. Nyumbani kwao walijivunia jambo hilo, na sioni sababu ya kuwalaumu. Ila nalitaja ili tusidhani kwamba shule ya Kanisa ilikuwa pembeni tu, ikitazama vita vikipita.

Mwanzoni mwa Februari 1944 msafara wa meli tano za kubeba askari uliondoka Kilindini, Mombasa, kwenda Colombo, Ceylon, nchi iitwayo sasa Sri Lanka. Huko Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilikuwa ikijiandaa kwa vita vya Burma. Khedive Ismail ilijengwa Scotland mwaka 1922 kwa ajili ya kampuni ya Chile, ikiitwa Aconcagua, ikauzwa kwa Wamisri mwaka 1935 na kupewa jina la mtawala wao wa zamani. Ni huyo huyo Ismail aliyetuma meli zake mwaka 1875 kuziteka Kismayu na Barawa. Mara hii jina lake lilibeba watu wa pwani hiyo na wa bara yake kwenda mbali zaidi.

Askari wa Kikosi cha 301 pamoja na maafisa wao walikuwa 996. Walikuwamo pia mabaharia wa Kiingereza waliokuwa wakisafirishwa, wauguzi wa kike 54, na wanawake wengine wa huduma za jeshi. Wanawake 77 walikufa siku ile. Msafara ulilindwa na manowari kubwa Hawkins na manowari mbili ndogo zenye mwendo mkali, Petard na Paladin. Walinzi hao walikuwa wachache kwa meli tano, lakini manowari zilikuwa zikihitajika kila mahali.

Nyambizi I-27 ya Wajapani, chini ya kamanda Fukumura Toshiaki, ilikuwa ikiwinda katika bahari hizo tangu mwaka uliotangulia. Baada ya chakula cha mchana wengi walikuwa vyumba vya chini. Torpedo ziliingia ubavuni, meli ikainama, ikakatika na kwenda. Waliokuwa juu waliruka. Waliokuwa chini hawakupata ngazi. Meli nyingine nne zilitawanyika na kukimbia bila kusimama, kama zilivyoamriwa, kwa kuwa meli inayosimama kuokoa huwa shabaha ya pili.

Sasa naomba tusimame hapa, maana hapa ndipo wasimulizi wengi hupita haraka.

Paladin ilishusha mashua ianze kuopoa watu. Petard ilikuwa ikiitafuta nyambizi kwa chombo chake cha kusikiliza chini ya maji, na nyambizi ikagunduliwa kuwa chini ya watu wale wale waliokuwa wakiogelea. Silaha ya kuipiga nyambizi iliyozama ni mabomu ya kudondoshwa majini yanayolipuka yakifika kina fulani. Bomu la namna hiyo likilipuka, mgandamizo wa maji humvunja mtu aliye karibu hata kama hakuguswa na chuma. Wakuu wa manowari walijua hivyo. Walijua pia kwamba nyambizi ikiachwa itazifuata zile meli nne zenye maelfu ya watu. Mabomu yakadondoshwa. Watu waliokuwa wamenusurika torpedo, waliokuwa wameshika mbao na kuiona manowari ya upande wao ikija, wakauawa na manowari hiyo.

Mapigano yaliendelea kwa saa mbili na zaidi. Nyambizi ililazimika kuibuka, Paladin ikaisogelea ili iigonge nayo ikachanwa ubavu wake, na Petard ikairushia makombora na torpedo moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoipata. Mabaharia wa I-27 walikuwa karibu mia moja. Aliyeokolewa ni mmoja.

Petard hiyo hiyo ilikuwa na historia. Mwezi Oktoba 1942, katika Bahari ya Kati, mabaharia wake wawili, Tony Fasson na Colin Grazier, waliingia ndani ya nyambizi ya Kijerumani U-559 iliyokuwa ikizama, wakatoa vitabu vya siri, wakazama nayo. Vitabu hivyo viliwasaidia Waingereza kusoma barua za siri za nyambizi za Ujerumani, na kwa njia hiyo meli nyingi ziliponywa. Kwa hiyo hatuwezi kusema manowari ile ilikuwa ya watu wakatili. Walikuwa watu wa namna yetu, waliofika mahali ambapo kila njia ilikuwa na wafu.

Wanafunzi wangu wa theolojia wakisikia habari hii hugawanyika mara moja. Wako wanaosema kamanda alifanya dhambi, wako wanaosema alitimiza wajibu, na kila mwaka yupo mmoja anayeleta hesabu: hawa mia kadhaa majini, wale maelfu melini, toa hiki katika kile. Huyo ndiye ninayemwogopa zaidi, ingawa hesabu yake ni sahihi. Nikiwa nao hupenda kuwarudisha nyuma hadi mwaka 1917, kwenye bahari nyingine na nyambizi nyingine, kwa kuwa swali hili hili lilikwisha kumpata mtu ambaye Betheli yetu inamfahamu.

Januari 1917 Martin Niemöller, kijana wa miaka 25, alikuwa afisa katika nyambizi ya Kijerumani U-39 huko Bahari ya Kati. Walipiga na kuzamisha meli iliyobeba askari wa Ufaransa. Manowari ya Kifaransa ikaanza kuokoa waliokuwa majini, na nyambizi ikawa inajionyesha mara kwa mara ili kuifukuza isiweze kuokoa, kwa hoja kwamba askari atakayeopolewa leo kesho atawapiga risasi Wajerumani. Ni kisa cha Khedive Ismail kilichogeuzwa juu chini: huku aliye chini ya maji anazuia wokovu, kule aliye juu anaua wa kwake ili ampate aliye chini. Katika kitabu chake cha mwaka 1934, kinachoeleza safari yake kutoka nyambizi hadi mimbarini, Niemöller alieleza kwamba siku ile ilimfungua macho. Aliona kwamba vita haimwachi mtu achague kati ya safi na chafu.

Mwaka 1918 akawa kamanda wa nyambizi yake mwenyewe. Vita vilipokwisha alisoma theolojia Münster, akabarikiwa kuwa mchungaji, akafanya kazi ya Misheni ya Ndani huko Westphalia, jimbo ilimo Betheli. Mwezi Mei 1933 Bodelschwingh mdogo, mwana wa yule mzee, alipochaguliwa kuwa Askofu wa Reich, Niemöller alikuwa msaidizi wake wa karibu, hadi wafuasi wa Hitler walipomsukuma askofu huyo ajiuzulu kabla mwezi haujatimia. Mengine yanajulikana: Kanisa Linalokiri, kukamatwa tarehe 1 Julai 1937, kambi ya Sachsenhausen, kambi ya Dachau, kufunguliwa mwaka 1945.

Sipendi tunavyomfanya Niemöller kuwa mtakatifu wa ukutani. Mwaka 1939, akiwa ndani ya Sachsenhausen, aliomba aruhusiwe kurudi katika jeshi la maji. Mtu aliyesema siku moja ya 1917 ilimfungua macho alikuwa tayari, miaka 22 baadaye, kuitumikia nchi iliyomfunga, baharini. Wanafunzi hukasirika nikiwaambia hivyo. Mimi nadhani bila jambo hilo hatumwelewi. Dhamiri ya Mkristo huamka, hulala, huamshwa tena, na ya kwake ilikuwa macho Oktoba 1945 aliposimama Stuttgart na wenzake kukiri hatia ya Kanisa lao kwa ajili ya vita. Walisema wenyewe, bila kungoja washindi wawasemee.

Sasa turudi milimani, kwenye lile daftari lenye safu tupu.

Nilipopangiwa usharika huo nikiwa mchungaji kijana, dada yake mwanafunzi bado alikuwa hai, bibi wa miaka zaidi ya 80 aliyekaa kiti cha tatu kutoka mbele kila Jumapili. Siku moja baada ya ibada alinishika mkono. "Mchungaji mwanangu," akasema, "mtu hupotea porini, akatafutwa. Hupotea mjini, akarudi na watoto. Kupotea baharini ni kupi?" Nikamwuliza neno hilo limetoka wapi. Likawa limetoka katika barua ya serikali waliyosomewa alipokuwa msichana, mwaka wa 1944, miezi kadhaa baada ya kaka yake kuondoka na mizinga kupitia Mombasa. Barua yenyewe ilikwisha kuliwa na mchwa. Mama yao hakuruhusu matanga. Alisema aliyepotea hatangiwi kilio, akaendelea kumwekea chakula siku za sikukuu mpaka alipofariki mwenyewe.

Askari wa mizinga, kupitia Mombasa, kupotea baharini, mwaka 1944: mtu anayefundisha historia hahitaji mengi zaidi ili ajue aanzie wapi kutafuta. Mjukuu mmoja wa ukoo huo anayefanya kazi Nairobi alikwenda kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, uliko Mnara wa Ukumbusho wa Afrika Mashariki. Humo yameandikwa majina ya askari wasio na kaburi, pamoja na waliozama na Khedive Ismail. Alirudi na picha ya jina kwenye simu. Herufi mbili zilikuwa zimekosewa, kama karani asiyejua Kisambaa angezikosea. Bibi aliitazama picha muda mrefu, akaniuliza kama jiwe lile liko kivulini au juani.

Jamaa waliomba jina lisomwe Jumapili ya mwisho ya mwaka wa Kanisa, tunapowataja waliolala katika Bwana. Niliwaeleza wazee wa kanisa nikidhani litapita bila neno. Halikupita. Mzee mmoja alisema huyo amekufa zaidi ya miaka 60 iliyopita na hakuzikwa na Kanisa. Tukianza kuwaita waliopotea, watu watadhani tumeleta tambiko kwa mlango wa nyuma. Hofu hiyo si ya kudharau katika milima hii, ambapo kila mzazi aliyekufa bila haki zake huweza kutajwa mtoto akiugua. Mwingine akajibu kwamba hatumwiti, tunamshukuru Mungu kwa ajili yake, na kwamba mama aliyeweka sahani kwa miaka yote hiyo alikuwa akifanya tambiko kwa sababu Kanisa halikumpa kitu kingine cha kufanya. Baada ya maneno hayo palikuwa kimya. Ninaona mzee huyu wa pili alisema kweli, na ilikuwa kweli chungu kwa sisi wachungaji. Kwa ajili ya kijana aliyefundishwa, akabatizwa na kupewa kipaimara, Kanisa lilikuwa limemwachia karani wa serikali kazi ya kutangaza kifo.

Lilibaki swali la nini kihubiriwe. Luther katika Katekisimo Ndogo anafundisha kwamba ubatizo ni kuzamishwa kwa mtu wa kale kila siku, ili mtu mpya ainuke. Mwanafunzi wetu aliijua sehemu hiyo kwa moyo. Asingepata kipaimara bila kuijua. Kwa mhubiri ni rahisi mno kuunganisha maji yale na maji haya. Niliacha. Maji ya ubatizo hutolewa na mkono unaojua jina lako, na kumwambia dada wa mtu aliyezamishwa kwamba kaka yake alibatizwa mara ya pili ni kucheza na maneno juu ya maiti. Nilichukua kwa Ufunuo sura ya 20, pale Yohana anapoiona bahari ikidaiwa wafu wake na kuwarudisha kama mtu anayerudisha mali isiyo yake. Ni neno la hukumu kabla ya kuwa neno la faraja, na nililipenda kwa sababu hiyo. Bahari haikupewa wale vijana. Iliwekewa tu, na waliowaweka watajibu.

Nilitaka pia tuwataje mabaharia wa I-27. Walikuwa na mama, na walisoma hesabu za nyambizi katika shule fulani, kama wetu alivyosoma za mizinga. Hapo mzee ambaye baba yake alipigana Burma alikataa kabisa. Hakupaza sauti. Alisema, "Mchungaji, wataje wewe ukiwa peke yako." Nimekuwa nikifanya hivyo, ofisini, kila tarehe 12 Februari. Sikuona vema kulazimisha usharika uombe kwa mdomo jambo ambalo moyo wake haujafika, na bado naamini siku moja utafika bila mimi.

Jina lilisomwa. Bibi alisimama peke yake lilipotajwa, kisha ukoo wote ukasimama. Alifariki mwaka uliofuata, akazikwa chini ya mipera, juu ya shamba la kahawa.

Katika daftari, kwenye safu ya kifo, katibu wa usharika aliandika kwa wino mweusi: 12 Februari 1944, Bahari ya Hindi. Safu inayofuata inauliza jina la mchungaji aliyezika. Tulikubaliana ibaki kama ilivyo.

Wachungaji wenzangu mtakaosoma kitabu hiki, tazameni madaftari yenu ya kati ya 1940 na 1945. Safu tupu za namna hiyo ziko katika sharika nyingi za Usambara, na orodha za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola zinaweza kutafutwa na yeyote. Majina mengi yaliandikwa vibaya, kwa hiyo pale ambapo jamaa bado wana barua au kitambulisho cha zamani, anzeni na namba ya jeshi.